Mkeka Mmoja wa Ukangaga

Hapo zamani, na nikisema zamani msijiweke tayari kwa habari za majini na sultani mwenye mapembe, ni zamani ya karibu tu, ya bibi za bibi zetu, palikuwa na mji ukiitwa Mtopeni. Jina halidanganyi. Ulikuwa mji wa chini, umekaa baina ya vilima viwili, na mvua ikinyesha maji yote ya vilima yalishuka kuja kuwaamkia. Mtu wa Mtopeni hakuuliza, "Umeamkaje?" Aliuliza, "Umekaukaje?"

Katikati ya mji palikuwa na kiwanja kisichokauka mwaka mzima. Wakikiita Tepetepe. Juu yake vilima, chini yake kisima. Na ndani ya Tepetepe ukiota ukangaga. Kwa asiyeujua, ukangaga ni jani la majimaji, refu kumfika mtu begani, na shina lake si duara. Ukilizungusha baina ya vidole unahesabu kona: moja, mbili, tatu. Hakuna aliyeupanda. Ulikuwapo kabla ya mji.

Wanawake waliukata, wakauanika, wakausuka. Mkeka wa ukangaga ndio aliokalia mzazi siku ya arubaini, anapotoka ndani na mwanawe kuonana na jua. Na mkeka wa ukangaga, upana wa mtu mmoja, ndio aliokalia kila mjumbe wa baraza likizungumzwa shauri la maji na ardhi. Asiye na mkeka hana neno. Mikeka yote ya baraza ilisukwa na wanawake. Waliokalia wote walikuwa wanaume. Shikeni hilo, tutalirudia.

Siku moja Jumbe Ngwali, mkubwa wa mji, alikaa juu ya mkeka wake wa ukangaga, akasema, "Tepetepe ni nyumba ya mbu. Tukifukie." Wajumbe waliokaa juu ya mikeka yao ya ukangaga wakasema, "Naam, tukifukie." Hakuna aliyetazama alichokalia.

Wakafukia. Wakachimba mtaro wa kuyakimbiza maji, wakamwaga udongo, wakapiga matuta, wakapanda viazi. Na hapa lazima niseme kitu kuhusu watu wa Mtopeni: wao na tuta ni damu moja. Muhogo kwenye tuta, viazi kwenye tuta, hata mchicha, ambao haukumwomba mtu tuta, kwenye tuta. Ungewapa mwezi wangeuliza tuta lake lipigwe wapi. Kwa watu wanaoishi majini ilikuwa akili nzuri. Kumbukeni hivyo, kwamba ilikuwa akili nzuri.

Kipande kikubwa cha katikati, pale maji yalipokuwa yakipita, alipewa Shaame. Shaame alipokea kwa mdomo. Aliyekata ukangaga na kupiga matuta arubaini na matatu alikuwa mkewe, Raya.

Mwaka wa kwanza viazi vilikuwa kama vichwa vya watoto. Mwaka wa pili masika yaliposhuka kutoka vilimani hayakukuta kitu cha kuyazuia. Yalipita mtaroni mbio, yakachukua udongo mwekundu, yakaumwaga wote kisimani. Maji ya kisima yakawa kama chai ya maziwa, ila chai unaweza kuinywa. Watoto wakaanza kuumwa matumbo. Wengine wakapona. Wengine, la. Wanawake wakawa wanakwenda kuteka nyuma ya kilima cha pili, alfajiri kwenda, jua la utosi kurudi. Na mzazi alipotimiza arubaini, akatolewa nje juu ya jamvi la kuazima, linalonuka dagaa.

Miaka saba. Mwaka wa saba wanawake wakateka ndoo moja ya maji ya kisima, wakaipeleka barazani, wakaitua mbele ya Jumbe.

"Kunywa, Jumbe."

Jumbe akaitazama ndoo. "Sina kiu."

"Sisi tunayo miaka saba," akasema msichana mmoja aitwaye Mize. Msichana nasema kwa umri. Alikuwa ameshaolewa, ameshazaa, na ameshazika. Mwanawe wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wa matumbo. "Ukangaga ndio uliokuwa ukiyachuja yale maji. Mmeukata, sasa tunakunywa kilima."

Wajumbe wakacheka. Jumbe naye akacheka, na mwenye kucheka huahidi ovyo. "Basi haya. Atakayeurudisha ukangaga Tepetepe mpaka nikaona chini ya kisima kwa macho yangu, nitampa mkeka wa baraza. Atakaa hapa, atasema, na neno lake litahesabiwa. Mmoja. Awe yeyote."

"Na akiwa mwanamke?"

"Hata akiwa mbuzi."

Alisema hivyo kwa sababu alijua, na mji mzima ulijua, kwamba ukangaga haukuwapo tena hata ujani wa kufukuzia nzi.

Ulikuwapo.

Nyumbani kwa Mize alikaa mama wa mumewe, Bi Chumu, mjane, mkali, asiyependa kuulizwa. Nyuma ya jiko la Bi Chumu, mahali pa kuoshea vyombo, palikuwa na mtungi uliopasuka mdomo. Ndani yake mliota kitu cha kijani ambacho majirani walikicheka. "Bi Chumu kazeeka vibaya, anafuga ndago." Maana ndago, lile gugu la shambani, na ukangaga ni ndugu. Wakiwa wachanga huwezi kuwatofautisha, wote wana zile kona tatu, ila ndago ana vijikokwa chini na hafi hata umlaani, na ukangaga hana. Bi Chumu hakuwajibu. Siku walipofukia Tepetepe alikuwa ameingia na kisu cha jikoni, akang'oa shina moja na mizizi yake, akalificha chini ya kanga. Miaka saba aliliogesha kwa maji ya kuoshea mchele. Mwaka wa ukame, maji yakipimwa kwa kata, kata ya kwanza ililiangukia shina, ya pili yeye.

Miaka saba hakumwambia mtu.

Jioni ya siku ile ya ndoo, Bi Chumu akamwita mkwewe nyuma ya jiko. "Tazama," akasema, akafukua mizizi isiyo na kikokwa, akazungusha jani moja mkononi mwa Mize. Moja, mbili, tatu.

Mize hakusema asante. Alisema, "Tangu lini?"

"Usiniulize tangu lini. Niulize linataka nini."

Bi Chumu akatoa nusu ya shina, akawapa wanawake wakalipande. Na wanawake wa Mtopeni, Mize akiwa mmoja wao, wakafanya nini? Nyinyi mnajua. Wakalipigia tuta! Tuta zuri, la kutazamika. Maji yakateremka pembeni kama yalivyofundishwa, ukangaga ukakaa juu kama mgeni kwenye kiti kirefu, na siku ya tisa ulikuwa rangi ya ufagio. Wakasema tuta lilikuwa fupi, wakapandisha mabaki kwenye tuta refu zaidi. Siku ya tano!

Bi Chumu akaja, akatazama, akageuka. "Nusu mmeiua. Nusu iliyobaki itakufa na mimi."

Mize akambembeleza. Akakataa. Akamtuma mumewe amwombe. Akakataa. Akampigia magoti. Bi Chumu akasema, "Ukishamaliza kupiga magoti, kaoshe vyombo."

Mize akaenda kuosha vyombo. Na alipokuwa ameinama, ndipo akaona. Kwenye tope nyuma ya ua wa kuogea, pale maji ya kuogea na mchirizi wa paa hukutana, kipande kidogo kilichoanguka siku ile ya kugawa kilikuwa kimeshika. Hakikupandwa na mtu. Kimelala kwenye tope bapa, shingo yake sawasawa na uso wa tope, haikuzikwa wala haikuinuliwa, na kimetoa vijani viwili vipya.

"Hautaki tuta," akasema peke yake. "Miaka yote hii tunaupa kitanda, wenyewe unataka sakafu."

Adhuhuri ile Bi Chumu alipojinyoosha kidogo, Mize akautoa mtungi. Akalichukua shina lote lililobaki. Lote! Kama angekosea, ukangaga ungekuwa umekwisha duniani kwa kadiri watu wa Mtopeni walivyoijua dunia. Akaligawa kwa mikono, si kwa kisu, kila kipande na mizizi yake na majani matatu manne. Akavipanda kwenye lile tope bapa nyuma ya ua, mkono mmoja baina ya kimoja na kingine, maji yafike kifundoni yasizidi. Ndago zilipochipua katikati aliingiza kidole chini ya kila chipukizi kutafuta kikokwa. Chenye kikokwa nje, kisicho nacho kibaki.

Bi Chumu alipoamka akakuta mtungi mtupu. Siku nane hakusema na mkwewe. Siku ya tisa akaenda nyuma ya ua wa kuogea, akahesabu vipande, akarudi. Hakusema bado, lakini maji ya mchele akaanza kuyamwaga kule.

Ukangaga ukashika. Ukagawanywa tena, na tena. Kila nyumba ikapewa vipande vya kupanda penye unyevu: chini ya mchirizi, kando ya mtungi, kwenye shimo la maji ya kufulia. Mwaka mmoja, Mtopeni ikawa kijani nyuma ya kila jiko. Lakini kisima? Kisima kilikuwa bado chai. Maana maji ya vilima hayapiti nyuma ya majiko. Yalipita katikati ya Tepetepe, na katikati ya Tepetepe palikuwa na viazi vya Shaame.

Wakamwendea Shaame. Shaame akasema, "Mke wangu amepiga matuta arubaini na matatu, nyinyi mnataka nipande majani?"

Raya alikuwa ndani, anasikia. Viazi vilikuwa vimebakiza wiki mbili kukomaa. Ana watoto wanne. Akatoka na jembe begani.

"Unakwenda wapi?"

"Shamba."

"Kufanya nini?"

"Kuvunja nilichopiga."

"Raya, ukivunja tuta moja, umeivunja nyumba yako."

Akavunja moja. Shaame akasimama kwenye ukingo, akamtolea talaka mbele za watu. Raya akafuta jasho, akauliza, "Umemaliza?" Akavunja la pili. Akavunja la tatu. Alipofika la ishirini wanawake walitaka kumsaidia, akawakataza, akasema, "Niliyapiga peke yangu." Jua lilipozama, matuta yote arubaini na matatu yalikuwa chini na mtaro umezibwa. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi kukaa mahali pake pa zamani, yametulia, kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka hija.

Wakapanda. Bapa. Masika moja yakapita, vuli ikapita, masika mengine yakapita. Na asubuhi moja mtoto akapiga kelele kisimani. Jumbe Ngwali akaenda, akainama. Chini kabisa, juu ya mchanga, ilionekana kata ya kifuu yenye mpini wa mkarafuu. Ilikuwa kata yake mwenyewe, aliyoiangusha miaka kumi nyuma.

Ijumaa ile baraza likakutana. Shauri la siku lilikuwa hili: mpwa wa Jumbe anataka kuifukia Kwa Mbiji, Tepetepe ya pili, juu ya mji, apige matuta. Na mbele ya mikeka ya wajumbe ukatandikwa mkeka mpya, wa ukangaga mpya, upana wa mtu mmoja. Wanawake watatu wakasimama mbele yake, tope mpaka vifundoni, maana walitoka shamba.

Jumbe akatabasamu. "Nilisema hata mbuzi. Naona wamekuja mbuzi watatu. Mimi nilisema mmoja."

"Tugawie sote," akasema Mize.

"Mkeka uliokatwa hufumuka, na hilo mnalijua nyinyi wasukaji kuliko mimi. Wala hapana zamu. Atakayekaa leo ndiye. Jua likigusa ukingo wa paa lile na mkeka uko wazi, naukunja, tunaendelea na shauri letu. Haya, ng'oaneni nywele."

Tazameni hila hiyo. Hakuvunja ahadi, aliinoa tu ikawa kisu.

Bi Chumu akaanza, maana ni mkubwa. "Nitasema kidogo, miguu inaniuma. Kama si mimi, wangepanda nini hawa? Hewa? Mlinicheka miaka saba. Nimekunywa nusu ili lile shina linywe nzima. Nimemaliza."

"Hujamaliza, mama," akasema Mize. "Katika miaka hiyo saba mjukuu wako alikufa kwa maji ya kisima. Na dawa ya maji ilikuwa nyuma ya jiko lako. Ulikuwa ukiimwagia maji ya mchele, na mimi nikipita na mtoto mgongoni anaharisha."

Bi Chumu hakuinamisha kichwa. "Ningeutoa mwaka ule wangeung'oa mwaka ule. Walikuwa na majembe mkononi, mwanangu, na viazi akilini. Unadhani sikuhesabu? Kila usiku nilihesabu. Kitu cha mwisho hakionyeshwi kwa wenye kufukia. Na wewe usiniletee uaminifu, uliniibia."

"Nilikuibia. Na ningekuibia tena! Mtungini ulikuwa haufi, ni kweli, lakini wala ulikuwa hauishi. Mimi ndiye niliyejua unataka kukaa vipi. Mji mzima uliupigia tuta, na mimi nikiwemo, nikaona kosa letu nikalisema. Shina moja limekuwa elfu, na hayo elfu yametoka kwa nani?"

"Na kama yangekufa?" akauliza mjumbe mmoja.

"Hayakufa."

"Nimeuliza kama."

"Kama yangekufa, nisingekuwa nimesimama hapa kudai."

Ikabaki Raya. Raya hakutaka kusema. Wakamsukuma, akasema akitazama chini. "Mimi sikuuficha wala sikuugundua. Mimi ndiye niliyeukata. Jembe lililoufukia ni lile lililoufukua. Ninakaa na watoto wanne nyumbani kwa kaka yangu, na mke wake ameshaanza kuhesabu visahani. Lakini nisingevunja yale matuta, mngekuwa na majani mazuri nyuma ya majiko na kisima cha chai. Wenzangu walihatarisha jani. Mimi nimetoa nyumba."

"Umelipa ulichoharibu," Bi Chumu akamwambia, si kwa ubaya. "Kulipa ni wajibu, bibi, si sifa."

"Na aliyeniamuru kuharibu yuko wapi?" Raya akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama Jumbe. "Mbona yeye amekalia mkeka?"

Kivuli kilikuwa kinapanda ukutani. Wanawake wale watatu wakasogeleana, wakanong'ona. Hakuna aliyesikia walichosema, msiniulize. Watu walimwona Mize akitikisa kichwa, wakamwona Bi Chumu akimshika Raya kiwiko. Jumbe akainama, akashika pembe ya mkeka kuukunja.

Najua nyinyi. Kuna mmoja hapa ameshafungua mdomo aseme wote watatu walistahili. Funga. Hata mimi najua wote watatu walistahili. Jumbe naye alijua, ndiyo maana akasema mmoja. Ukijibu "wote", jua linagusa paa, Kwa Mbiji inafukiwa, na wewe umekaa hapo unajisifu kwa haki yako. Kuna mwingine atasema mwenye makosa ni Jumbe. Naam, ni Jumbe. Lakini hukumwondoa, na mkeka bado uko wazi. Swali haliondoki kwa kumtukana aliyeliuliza.

Mguu ukainuka, ukatua juu ya mkeka. Usiutafutie jibu kwenye tope, miguu yote sita ilikuwa na tope. Mwanamke mmoja akakaa. Wawili wakasimama nyuma yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, wala hawakuondoka. Jumbe akaiachia pembe ya mkeka kana kwamba imemuunguza.

"Haya," akasema, "sema neno lako."

Akasema, "Kwa Mbiji hapafukiwi."

Na hapakufukiwa. Mimi jina lake ninalijua. Nimepewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake, na kila mara hupewa mtu baada ya yeye kujibu kwanza. Basi jibuni, mmoja mmoja, na kila mtu na sababu yake. Shina lilihifadhiwa na Bi Chumu, aliyenyamaza mpaka mtoto akazikwa. Njia ilijulikana na Mize, aliyeiba cha mwisho kilichokuwapo. Ardhi ilitolewa na Raya, aliyeifukia kwa mikono yake. Mkeka ni mmoja, na kivuli kinapanda ukutani.

Je, nani alistahili kukaa?